Mahali pa Kupeleka Hasira

Wewe unayenisikiliza, sogea nikueleze jinsi mji unavyoweza kumwingia mtu kichwani.

Wakati wa Mwingereza, mji wetu ulikuwa Sekenke: machimbo ya dhahabu, vyumba vya mabati vilivyobanana, na mashine ya kusaga mawe isiyonyamaza. Kijijini kwetu Kinyangiri tulikotoka, mtu akikasirika huchukua fimbo akaenda malishoni, akarudi moyo umepoa. Sekenke ukitoka mlangoni kwako umeshakanyaga kizingiti cha mwingine.

Kaka yangu, mtu mpole, aliacha kulala. Akawa anapiga ngumi mabati mpaka vidole vinachanika. Wengi walidhani ni pombe.

Jirani yetu alikuwa Msukuma. Msukuma na sisi Wanyiramba ni watani. Hutukanana na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Asubuhi moja akamwambia kaka, "Wewe Mnyiramba, macho mekundu hivyo, umeota mlenda wa kwenu ukalia?"

Nyumbani kaka angecheka, akarudisha tusi kubwa zaidi. Siku hiyo alinyakua mpini wa sululu akampasua kichwa. Jirani alipoanguka, akampiga tena. Wachimbaji wakamrukia kaka kwa mateke, wakamng'oa meno, wakamfunga mikono nyuma kwa kamba.

"Muueni!" mmoja alipiga kelele.

"Kichaa huyo," nyapara akasema. "Apelekwe bomani, afungiwe."

Nilimkumbatia kaka nikiwaomba, nami nikapigwa. Niliwajua waliopelekwa hivyo, hatukuwaona tena.

Ndipo yule Msukuma akainuka, shati limelowa damu. "Nani kawapa ruhusa kumfunga mtani wangu?"

"Amekuua nusu!"

"Nusu iliyobaki inatosha kumfungua. Wa kumtukana ni mimi, wa kumsamehe ni mimi."

Mtani akishadai haki yake, nani atambishia? Nyapara akatema mate. "Basi mwondoeni leo hii."

Tukaondoka kwa miguu, mtani kichwa kimefungwa kitambaa, akimtukana kaka njia nzima kwa sauti ya upole. Kinyangiri kaka alilala, akaamka, akalala tena. Akachunga ng'ombe, hakuulizwa neno. Kupona kulikwenda polepole, lakini kulifika.

Kwa hiyo, ukiona jirani yako wa mjini amebadilika na kuwa mkali, usingoje mpini. Mwulize usingizi wake ukoje, kisha mtoe kwenye kelele, mtembee pamoja mpaka aseme linalomsumbua.