Usukani Iko Kulia

Siku yangu ya kwanza gerejini Gikondo, mtaa wa Kigali, sikupewa spana. Mkuu wa gereji, mzee aliyetaka tumwite Shefu, aliniweka kwenye gari ya mteja, akakaa kando yangu, akasema, "Endesha. Mikono isikie kwanza, mdomo baadaye."

Ndivyo alivyonifunza. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo, angalia magurudumu. Ukiwa mgumu, mafuta ya pampu yamepungua. Ukilia unapokata kona, mara nyingi ni mafuta hayo hayo, au mkanda. Lakini gari ikivuta upande mmoja na usukani una mchezo, yaani unauzungusha na magurudumu hayajibu, hapo mteja asiondoke. Huenda tairodi imelegea, kile chuma kinachogeuza gurudumu.

"Hiyo inaua," Shefu alisema.

Mimi nilikulia Kagera, Tanzania. Nilijivunia Kiswahili changu, na cha wenzangu wa Kigali nilikicheka waziwazi. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Shefu alipostaafu nikarithi kiti chake, na kiburi changu nikakaa nacho hapo hapo.

Mama Diane, mwalimu wa shule moja mtaani Kinyinya, alikuwa mteja wangu wa miaka. Alinionea huruma, hakunisemesha Kinyarwanda hata siku moja. Alijikaza na Kiswahili chake cha kuokoteza. Asubuhi moja alisimama mlangoni akiwa na haraka, wanafunzi wanamsubiri.

"Fundi, usukani iko kulia."

"Tangu lini?"

"Juzi. Kulia sana."

Nikacheka. "Tutaubembeleza unyamaze, mwalimu."

Naye akacheka, kwa adabu tu, nadhani. Nikafungua boneti, nikaongeza mafuta ya pampu, nikakaza mkanda. Sikuiendesha. Baada ya dakika kumi akaondoka akiniamini.

Kesho yake gari ililetwa kwangu ikivutwa, bila yeye. Ilikuwa imemshinda kwenye mteremko wa kwao, ikaingia korongoni, akafa hapo hapo. Tairodi ya kulia ilikuwa imechomoka, na tairi la upande huo limelika ukingoni. Ndipo nilipomwelewa. Alikuwa ananiambia gari inavuta mkono wa kulia. *Iburyo*. Neno hilo la Kinyarwanda hata mimi nililijua. Ningemuuliza tu.

Makaburini mumewe alinishika bega. "Fundi, usirie," akasema, kwa ile r niliyozoea kuicheka.

Sasa nimestaafu. Mafundi wa gereji wakinipigia simu huwaambia: mteja akisema kulia, mwombe akuonyeshe kwa mkono, kisha endesha mwenyewe. Wanadhani ni uzee.

Mume wa Mama Diane tunasali kanisa moja. Hunisalimia kwa mikono miwili, huniuliza hali ya magoti yangu. Nimejifunza Kinyarwanda cha kumwambia mkewe alinieleza nini asubuhi ile, neno kwa neno, nakijua chote. Kila Jumapili naenda nacho kanisani, na kila Jumapili narudi nacho nyumbani.