Kola za Wageni

Ti.

Ulikuwa mlio mdogo sana, kama wa mtu anayekata ukucha chumba cha pili. Mgeni mwenye miwani alibonyeza saa ya kupimia mwendo, ikalia ti, na mwanamke aliyeitwa Umeme akaanza kushona kola. Alipomaliza, ikalia tena. Kati ya milio hiyo miwili kiwanda kizima kiliponyoka mikononi mwa washonaji wake, na hakuna aliyesikia kikianguka.

Jina la Umeme hakupewa na wazazi. Alipewa na wanawake wenzake wa laini ya kola, na kila aliyewahi kumwona kazini alijua sababu. Kola ndiyo sehemu yenye kiburi kwenye shati. Ina vipande viwili vya kitambaa na kimoja kigumu katikati. Unavishona, unavigeuza, unasukuma ncha kwa kijiti mpaka zichongoke, halafu unazungusha mshono mwingine juu. Jirani yake akiinama kuokota kibiringo cha uzi kilichoanguka, akiinuka alikuta Umeme ameshatupa kola nyingine kwenye kapu. Walisema cherehani yake haitumii umeme wa serikali, inatumia wa kwake.

Alikuwa na dosari moja tu. Kila alipoanza mshono alirudi nyuma kidogo ili uzi ushike, na hapo pa kurudi mshono wake uliegemea kushoto, kama mtu aliyelalia mto vibaya. Msimamizi alimkemea mpaka akachoka. Aliyemtania bila kuchoka alikuwa mdogo wake, aliyekaa kiti cha pili akikata nyuzi zinazoning'inia kwa mkasi mdogo wa kubana.

"Dada, kola zako zinasinzia."

"Ziache zisinzie. Zina safari ndefu."

Mdogo mtu huyo alilelewa na Umeme tangu akiwa na meno ya utoto. Walikaa chumba kimoja nyuma ya soko la mboga, kitanda kimoja, pazia moja lililoungwa kwa mabaki ya kitambaa cha mashati. Siku Umeme alipompatia kazi kiwandani na kumwona ameketi kando yake, alihisi amemaliza deni ambalo hakuna aliyemdai. Hakuomba zaidi ya hapo: wawili wao, bega kwa bega, na jioni kurudi nyumbani wakibishana ni zamu ya nani kuchota maji.

Mashati yale hayakuvaliwa nchini. Yalikwenda ng'ambo, kwenye nchi tajiri iliyokuwa imekubali kuyapokea bila ushuru. Jambo hilo walielezwa na msimamizi siku kiwanda kilipofunguliwa, akiwa amepanda juu ya kreti la nyuzi. Msimamizi huyo wao walimwita Haraka, kwa sababu neno hilo lilitoka kinywani mwake kama kwikwi.

"Shati la nchi nyingine likifika mlangoni kule, linalipa," alisema. "Letu linapita hivi hivi. Ndiyo maana mnunuzi amekuja kwetu. Hakuja kwa sababu tuna sura nzuri."

"Jisemee mwenyewe," mdogo wake Umeme alijibu, na ukumbi ukacheka.

"Haya, chekeni. Lakini sharti lipo. Shati liwe limeshonwa hapa, na mikono ya hapa. Siku wakishuku kwamba tunaleta mashati ya watu na kubandika lebo yetu, mlango unafungwa. Mmenisikia? Haraka, kazini."

Miaka ikapita hivyo. Kontena zilijaa na kuondoka. Wanawake waliokuwa wakiuza mkaa kwa kopo walinunua viti, wakaezeka upya, wakapeleka watoto shule yenye madirisha. Kisha habari zikaenea kwamba katika nchi fulani wafanyabiashara wamefanya ujanja uleule aliousema Haraka, na sasa watu wa ushuru wa ng'ambo wanazunguka kiwanda hadi kiwanda kuhakikisha. Zamu yao nao ikafika.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Haraka alipanda kreti lake.

"Kesho tuna wageni. Wametoka mbali kuja kuona kazi yetu. Nataka kazi ya kuonyesha watu. Kola iwe kola. Nisione mshono umepinda." Alimtazama Umeme aliposema hivyo, na Umeme akajiinamia huku anacheka.

Nani pale hakulelewa na mama aliyeficha sahani nzuri juu ya kabati, ikashushwa siku ya mgeni tu? Wakaosha sakafu mpaka ikang'aa. Wakafuta vumbi kwenye taa. Mama wa vifungo, mkubwa wao kwa umri, alikuja na viatu alivyovaa siku ya harusi ya mwanawe. Umeme alipiga pasi kilemba, akasafisha cherehani yake, akatia mafuta, halafu akazungusha kile kirungu kinachopanga urefu wa mshono. Akaupunguza, uwe mdogomdogo na wa kubanana, ule mshono wa shati la bwana harusi.

Wageni walikuja na meneja na mkalimani, binti mpole aliyebana makaratasi kifuani. Walipita laini zote, wakafika kwa Umeme. Mwenye miwani akasema neno, na mkalimani akalisema upya.

"Anaomba ushone kama unavyoshona kila siku."

Umeme alitabasamu. Mgeni gani hasemi hivyo? Kila mgeni akiingia husema msijisumbue, na kila mwenyeji mwenye adabu hujisumbua.

Ti.

Alianza taratibu. Alilainisha kitambaa kwa kiganja kabla ya kukiweka chini ya sindano. Pale pa kurudi nyuma alishika pumzi ili mshono usiegemee, nao haukuegemea. Cherehani ambayo siku zote ilinguruma kama nyuki waliochokozwa sasa ilisema neno mojamoja.

Mdogo wake akamwinamia. "Dada. Shona kama siku zote. Huyu anapima mwendo."

"Nyamaza. Kuna wageni."

"Dada."

"Nimesema nyamaza."

Ukumbi mzima ulikuwa hivyo hivyo. Wa mikono ya shati alishona kwa kunyata, wa vifungo alipanga kila kifungo kama anampamba mtoto, na Haraka, kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, alisimama kimya na neno lake mdomoni, uso umemkunjuka kwa fahari.

Ti.

Mgeni aliinua kola kwenye mwanga, akaigeuza, akaipitisha kidole. Akasema kitu.

"Anasema ni nzuri sana," mkalimani alitafsiri, na mgeni akaandika.

Jioni ile Umeme alitembea kama aliyepewa tuzo. Alirudia maneno ya mgeni njia nzima, na mdogo wake akawa anaitikia tu, "Nzuri, dada. Kweli ilikuwa nzuri," na zamu ya maji akaichukua yeye bila kubishana.

Habari ilifika mvua zilipoanza. Haraka alipanda kreti, na kabla hajafungua mdomo walijua, kwa sababu alikuwa amezima cherehani zote kwanza.

"Kontena letu limezuiwa bandarini kule," alisema. "Wamepiga hesabu. Wanasema kwa mwendo waliouona hapa, mashati yale hayawezi kuwa tumeyashona sisi kwa muda ule. Na tena wanasema kola waliyoiona ikishonwa hapa si kola iliyo kwenye kontena. Mshono mwingine kabisa. Kwa hiyo mashati yale yametoka kwingine, na yatatozwa ushuru."

Mama wa vifungo aliuliza, "Yametoka wapi? Tumeshonewa na majini?"

Walicheka. Kicheko kilianzia kwa vifungo, kikapita kwenye mikono, kikafika kwenye kola na kuzimika hapo, kwa sababu Umeme alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya cherehani yake kama anayemziba mtu macho.

Meneja aliomba wageni warudi waone tena. Akajibiwa kwamba ombi limepokelewa, asubiri. Labda angesubiri; mnunuzi ndiye hakusubiri. Shati likishalipa ushuru lilikuwa ghali kama la mtu mwingine yeyote, na watu wengine walikuwa karibu zaidi na bandari. Meza za kukatia vitambaa zikawa za kwanza kunyamaza, kisha mikono, kisha vifungo. Laini ya kola ilipofika mwisho, Umeme alimfuata Haraka kwenye mlango wa stoo.

"Bosi, niitie wale watu."

"Watu gani, mama?"

"Wale wageni. Waje na saa yao. Nitawashonea kola hizo mpaka saa yao iombe maji."

"Hawaji kwa kuitwa na sisi."

"Basi nipeleke mimi. Uliniambia nishone vizuri. Nikashona vizuri."

"Ni mimi niliyesema," Haraka alijibu. "Usiyabebe. Ni mimi niliyesema." Akakaa kwenye kreti lake, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi.

Umeme aliyabeba hata hivyo. Aliyabeba kwa sababu yeye ndiye aliyeambiwa, tena kwa sauti ya chini, na mtu aliyempenda kuliko wote. Usiku na mchana alingoja mdogo wake aseme: si nilikwambia? Angesema, wangegombana, wangelia, wangenyamaziana siku mbili, na lingekwisha. Lakini yule binti mwenye mdomo, aliyemtania hata msimamizi, jambo hilo moja hakuligusa. Alipika, akafua, akazunguka mjini kuomba kazi, akarudi na viatu vimechakaa na maneno ya kuchekesha kuhusu walinzi wa mageti.

Kisha akapata wakala wa kumpeleka nchi ya mbali, akafanye kazi za nyumbani kwa watu.

"Baki," Umeme alimwambia. "Tutanunua cherehani moja. Tutashona hapahapa."

"Tumshonee nani, dada? Kila mtu hapa anavaa mtumba."

"Nitatafuta."

"Na mimi naenda kutafuta. Tofauti ni nauli tu." Alicheka ili dada yake acheke.

Siku ya safari walisimama stendi, begi katikati yao. Basi lilipowasha injini, mdogo mtu aliona uzi umening'inia kwenye mkono wa gauni la Umeme. Akatoa ule mkasi wake wa kubana, akaukata karibu kabisa na kitambaa, kama alivyozoea, kisha akamtia mkasi mkononi.

"Nitunzie. Kwenye ndege hawaruhusu."

Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa. Baadaye alisema simu inakaa kwa mama mwenye nyumba, hivyo asihesabu siku. Baadaye akapiga mara moja kwa sauti ya kunong'ona, akasema yuko salama, akakata. Tangu hapo namba ile haipatikani, na wakala amehama ofisi. Umeme ameuliza kila mahali panapoulizwa. Chumbani bado analala upande wake mwenyewe wa kitanda, wa mdogo wake ameuacha wazi.

Siku hizi anashonea kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi, kati ya ndoo za rangi na makoleo. Hashoni nguo mpya. Anabana suruali za mtumba, anabadili zipu, anapunguza magauni yaliyokatwa kwa wanawake wakubwa kuliko wa kwao. Wateja wanamwita fundi. Jina la Umeme limebaki kiwandani, ambako sasa wanahifadhi saruji.

Asubuhi moja mwalimu wa udereva alimletea shati la bluu bahari. Alikuwa amelichagua mwenyewe kwenye robota jipya la mtumba, akalipenda, ila kola imelika pale shingo inaposugua.

"Unaweza kuigeuza? Upande wa chini bado mzima."

"Inageuzika. Kaa kidogo."

Alichukua mkasi wa kubana, akaanza kufumua. Lebo ilikuwa imefifia kwa kufuliwa, lakini aliisoma bila shida: jina la nchi yao. Akajikaza kisabuni. Mashati yalikuwa mengi, na viwanda havikuwa kimoja. Akafumua shingoni mpaka akafikia mwanzo wa mshono wa kola yenyewe, upande wa kushoto. Hapo uzi ulirudi nyuma kidogo, na pale pa kurudi uliegemea, kama mtu aliyelalia mto vibaya. Ncha yake ilikuwa imekatwa karibu kabisa na kitambaa.

Shati hilo lilikuwa limevaliwa ng'ambo na mtu asiyemjua. Lilifuliwa, likapigwa pasi, likaenda kazini, pengine harusini, likachoka, likatolewa na kufungwa pamoja na mengine, likavuka maji mara ya pili. Mshono wa haraka, wa siku ya kawaida, usiotengenezewa mgeni yeyote. Haukuachia hata tundu moja.

"Vipi, fundi? Mbona umesimama?"

"Natafuta pa kuanzia."

"Shati zuri hilo," mwalimu wa udereva alisema, akitazama magari barabarani. "La ng'ambo kabisa. Wenzetu wanajua kushona."

Umeme aliigeuza kola, akailaza mahali pake, akashusha mguu wa cherehani. Mkasi wa mdogo wake alikuwa bado ameushika, umepata joto la kiganja. Alipitisha kidole kwenye ule mshono uliolala, taratibu, kama unavyomgusa mtoto usiyetaka aamke, na kwa sauti ambayo hata mteja aliyekuwa kando yake hakuisikia, akasema:

"Hili tulilishona sisi."