Muuguzi wa Akili Hayupo Leo

Mama alianza kulalamikia kichwa miezi michache baada ya kumzika baba. Hakusema kinamuuma. Alisema kuna vitu vinatembea ndani, kama sisimizi, vinaanzia kisogoni vinapanda mpaka utosini, na vikishafika juu moyo unaanza kwenda mbio. Wakati huo alikuwa bado kijijini, mbele kidogo ya Kipalapala, kwenye nyumba waliyojenga na baba alipostaafu kazi ya reli. Jirani akanipigia simu: karanga za mama yako zinaoza shambani, njoo uone mwenyewe. Nikaenda, nikakuta ni kweli. Mama, ambaye kila mwaka ndiye wa kwanza kung'oa karanga na wa kwanza kuwasema wanaochelewa, alikuwa amekaa kitandani mchana kweupe, kichwa amekifunga kanga na kuikaza kama mtu anayefunga gunia.

Nikamchukua, nikamleta kwangu Chemchem, Tabora mjini. Mimi nashona sare za shule, chumba cha mbele ni cha cherehani, kwa hiyo nilidhani angalau nitakuwa naye karibu. Nilimsikia usiku akigeuka kitandani, na asubuhi nikamwona anaangalia chai mpaka inapoa.

Tukaanza hospitali. Tulipima malaria, hakuna. Tukapima taifodi, tukaambiwa ipo kidogo, akameza dawa, sisimizi wakaendelea na safari zao. Tukapima presha, tukapima sukari, tukapima macho, maana kuna mtu alisema kichwa cha namna hiyo ni macho. Kila mahali mama alieleza upya habari za sisimizi, na kila mahali alieleza kwa maneno machache zaidi. Katika zahanati moja tabibu hakumwacha hata amalize.

"Huo ni uzee tu, bibi," alisema. "Kula matunda, kunywa maji mengi."

Mama akainuka, akachukua mkoba wake. "Uzee ninao siku nyingi," alimwambia. "Hawa wadudu ni wageni."

Kaka yangu mkubwa anaishi Dar es Salaam, na kama kaka wakubwa wengi wanaoishi Dar, huuguza kwa simu. Alipiga kila jioni. Jumatatu ilikuwa tangawizi, Jumanne ilikuwa maombi, Jumatano ilikuwa mganga wa miti shamba ambaye mke wake amemsikia redioni. Nilipomwambia kwamba daktari mmoja, wa hospitali moja ya mjini, ndiye wa kwanza kukaa akamsikiliza mama mpaka mwisho, na kwamba huyo ameshauri tumwone muuguzi wa afya ya akili, kaka alipandisha sauti.

"Unataka kumpeleka mama Dodoma?"

Huku kwetu mtu akitaja akili na Dodoma pamoja, kila mmoja anajua anazungumzia hospitali gani. Nikamwambia hakuna aliyesema Dodoma. Daktari amesema kuna muuguzi aliyesomea mambo haya, yupo hapahapa hospitalini, upande wa nyuma.

"Mama si kichaa," kaka alisema.

"Sijasema ni kichaa. Nimesema halali."

"Mpe maziwa ya moto."

Nilikata simu nikasingizia chaji.

Kumbe kuambiwa kuna muuguzi na kumpata ni mambo mawili. Mara ya kwanza tulikuta mlango umefungwa. Mama mmoja anayefagia akasema muuguzi wa akili hayupo leo, yuko semina. Tukarudi wiki iliyofuata, tukaambiwa semina imekwisha ila sasa yuko likizo. Tukarudi tena, mlango umefungwa vilevile. Safari hii niliuliza dirishani kwa sauti iliyomfanya mama anivute gauni. Kijana wa dirishani akanijibu bila kuinua macho kwamba muuguzi yupo kazini, ila siku hizi wauguzi ni wachache, kwa hiyo wamemhamishia kliniki ya watoto.

"Anafanya nini huko?"

"Anapima uzito."

Mtu mmoja katika hospitali nzima aliyesomea kusikiliza vichwa vya watu, na yupo anawaning'iniza watoto kwenye mizani. Nilikwenda mwenyewe kumtafuta nikamwacha mama kwenye benchi. Nilimkuta katikati ya vilio, mwanamke wa makamo, mwenye uso wa upole na jasho kwenye paji, anaita jina la mtoto huku anamshika mwingine mguu. Alinisikiliza hivyohivyo. Akasema njoo naye Alhamisi mchana, watoto wanakuwa wameisha, nitafungua kile chumba changu.

Alhamisi tulifika. Mlango ulikuwa wazi! Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Muuguzi akainuka kutupokea, na hapohapo nikamsikia mama nyuma yangu anavuta pumzi.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama," alisema muuguzi.

"Milele amina," alijibu mama, na sauti yake ikawa ile ya Jumapili.

Walijuana. Muuguzi anaimba kwaya katika kanisa ambalo mama husali anapokuwa mjini, na kwaya hiyohiyo ndiyo iliyokuja kijijini kuimba kwenye mazishi ya baba. Mama alikaa kwenye kiti, akaweka mkoba mapajani, akaulizia watoto wa muuguzi mmoja baada ya mwingine, akaulizia padre, akaulizia bei ya vitenge vipya vya kwaya. Muuguzi alijibu vyote kwa subira, halafu akauliza taratibu, "Na wewe mama, tatizo ni nini?"

"Goti," alisema mama.

Nikageuka kumtazama. Alikuwa ametulia kabisa. Alieleza habari za goti ambalo mimi sijawahi kulisikia, linavyokaza asubuhi, linavyolia akipiga magoti kanisani. Nikasema, "Mama, sisimizi je?" Akanitazama kwa jicho ambalo lilinirudisha darasa la pili. Muuguzi hakusisitiza. Alimshika goti, akalikunja na kulikunjua, akamwambia alipake dawa ya kuchua.

Nje, nilikuwa nimejaa hasira mpaka masikio yanawaka. "Wiki zote hizi, mama! Wiki zote hizi tunamtafuta huyu mtu!"

"Siwezi kumwambia mambo yangu mtu aliyeimba kwenye msiba wangu," alisema mama. "Tafuta mwingine."

Tafuta mwingine, kana kwamba wanauzwa gengeni. Nilirudi ndani peke yangu kuomba radhi, na muuguzi akacheka kidogo, si kwa dharau. "Usimlaumu, dada. Hata mimi nisingeongea." Akanieleza kwamba yuko mwenzake waliyesoma naye, kijana mzuri, yuko kituo cha afya upande wa Igunga. Huko hakuna anayemfahamu mama. Akampigia palepale, akanipa namba.

Basi ikawa Igunga. Kaka aliposikia alipiga simu mara mbili kabla hatujafika stendi. Mara ya kwanza alisema Igunga ni mbali, mara ya pili alisema kama ni kusafiri basi ningempandisha basi la Dar. Nilimwuliza, mama akifika huko atakaa naye nani mchana kutwa, akasema mtandao unasumbua. Mama kwa upande wake alichangamka njiani kunizidi mimi. Tulipopita Nzega alinunua mahindi ya kuchemsha dirishani na akabishana na muuzaji kuhusu ukubwa wa punje. Nilimwangalia nikawaza, huyu akifika mbele ya muuguzi atasema amekuja kutembea.

Tulifika kituoni, tukaandikishwa, tukakaa barazani. Muuguzi hayupo. Nilisikia maneno hayo nikataka kucheka. Ametoka na pikipiki kwenda vijijini kuwaona wagonjwa wake, atarudi. Atarudi saa ngapi? Atarudi tu. Malori ya mpunga yakapita barabarani, vumbi likatufuata hadi kwenye benchi. Watu walijaa, wakapungua, wakajaa tena. Hatimaye akatokea dada mmoja wa mapokezi na faili mkononi, akasimama mbele ya baraza zima akaita kwa sauti ya mnadani:

"Wagonjwa wa akili! Wa akili wote upande huu!"

Mwanamke aliyekaa karibu nasi, ambaye muda wote alikuwa anampa mama habari za wajukuu wake, akamsogeza mjukuu aliyekuwa amempakata upande wa pili.

Mama akasimama. Si kwenda upande ule. Akashika njia ya kuelekea barabarani.

Nikamkimbilia. "Mama, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Umesikia nilivyoitwa?"

"Ni mapokezi tu, mama, hawajui kusema na watu."

"Mimi nimeitwa kichaa mbele ya watu, na wewe unaniambia mapokezi."

"Nimefunga kazi yangu kwa ajili hii! Shule zinafungua, watu wanadai sare, mimi niko Igunga nahesabu malori!" Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Tulisimama pale juani, mama na mwana, tunatazamana kama majogoo, watu wa barazani wanafaidi.

Katikati ya hayo pikipiki ikaingia. Kijana mwembamba akashuka, amejaa vumbi mpaka kope, akavua kofia ngumu. Akatuona, sijui aliona nini kwenye nyuso zetu, akaja moja kwa moja kwa mama, akainama.

"Shikamoo, mayu."

Mama alisita. "Marahaba."

"Ni ninyi mliotoka Tabora? Nisameheni sana. Nimewaweka."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na akaendelea kwa lugha hiyohiyo. Kinyamwezi cha mama na Kisukuma ni ndugu, wanaelewana, na mimi niliyekulia mjini nilishika neno moja moja tu: safari, jua, maji. Mama akajibu. Akajibu tena, kirefu. Wakaanza kutembea pamoja kuelekea chumbani, taratibu, nami nikafuata na mikoba. Mlangoni kijana akanigeukia.

"Dada, wewe tusubiri hapa nje."

"Lakini mimi ndiye ninayejua alivyoanza..."

"Atanieleza mwenyewe."

Mlango ukafungwa mbele ya pua yangu. Mimi niliyezunguka mji mzima! Nikakaa kwenye benchi, karibu na yule mwanamke wa wajukuu, ambaye sasa alinitazama mimi kwa mashaka. Nilisikia sauti ya mama ndani, ya chini, haikatiki. Baadaye nikamsikia anapenga kamasi. Kuna wakati alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba wa baba, na badala ya kufurahi niliona wivu, nakiri.

Kijana alipotoka alinieleza machache. Akasema mama ana sonona, kwamba sisimizi ni wa kweli kwa maana ya kuwa anawasikia kweli, na kwamba ugonjwa wa namna hii kwa watu wengi huanza kusemea mwilini. Atameza dawa kila jioni, zitachukua wiki kadhaa kuanza kusaidia, na arudi kila mwezi waongee. "Na mambo mengine," akasema, "akitaka, atakwambia yeye."

Aliniambia kwenye basi, jua likiwa linashuka upande wa Nzega, bila mimi kumwuliza.

"Sikulia siku ya baba yako," alisema.

"Uliumia sana, mama. Watu wengine hawalii."

"Sikuumia." Alikuwa anatazama nje. "Kwaya inaimba, watu wanaanguka chini, mimi nawaza kwamba leo nitalala katikati ya kitanda. Ndicho nilichokuwa nawaza. Nikaogopa."

Mimi nilimpenda baba. Kwangu alikuwa mtu wa pipi mfukoni na filimbi ya reli.

"Alikupiga?" niliuliza.

"Baba yako? Hakuwahi kuniinulia mkono." Akafikiri. "Alikuwa haniulizi kitu. Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza wewe unaonaje. Yule kijana ameniuliza leo. Nikasahau hata nilikuwa nataka kujibu nini."

Nililia mimi, kimyakimya, nimegeukia upande wa konda. Mama alinipa kipande cha hindi lililobaki.

Dawa zilianza vibaya. Mdomo ulimkauka, akawa analala mpaka saa nne, na kaka akapata ushahidi aliokuwa akiutafuta. "Si nilisema? Dawa za vichaa hizo, zinamlevya!" Nikamwambia kwa mara ya kwanza maishani mwangu anyamaze. Alikaa siku kadhaa bila kupiga, na nyumba ikawa na amani. Kisha dawa zikaadimika kituoni, nikawa nazunguka maduka ya dawa ya mjini, na kila duka wananitazama kwanza mimi kuona kama nimechana nywele. Lakini sisimizi walipungua. Mama alisema wamehama upande wa kushoto wote, wamebaki wachache kulia. Chai ikaanza kunywewa ikiwa ya moto. Akaanza kunikosoa pindo za sketi, nikajua anapona.

Tulikwenda Igunga mwezi baada ya mwezi. Mwezi uliopita tulifika, mama amevaa vizuri, amembebea yule kijana karanga za kukaanga, tukaambiwa amekwenda masomoni. Hakuna aliyetupigia simu. Yupo mwingine mahali pake.

"Nianze upya?" alisema mama. Alisema kwa sauti, mbele ya baraza zima, na safari hii hakujali nani anasikia. "Yote yale? Tangu mwanzo? Nimwambie mtu mwingine tena?"

Nilikuwa nimechoka kama yeye, na nilikuwa tayari kurudi stendi. Lakini alikaa. Alifungua karanga akaanza kula mwenyewe, kwa hasira, na alipoitwa akainuka akaingia. Muuguzi mpya alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nzito, na safari hii nilibaki nje bila kuambiwa.

Alikaa ndani muda mfupi kuliko nilivyozoea. Alipotoka nilimwuliza, "Anafaa?"

Mama alijifunga kanga vizuri. "Anasikiliza," alisema. "Lakini anatafuna bigijii. Nimemwambia mwezi ujao nikija aiteme kwanza."