Rangi za Idi Kwenye Dirisha la Bibi

Asubuhi hiyo niliamka Tanga mjini sina ninakokwenda. Nimeshazoea. Niliacha shule mapema, na tangu hapo miguu yangu haijatulia. Nikiona gari la njia nisiyoijua, napanda. Hili lilikuwa la Maramba. Niliposhuka, kabla sijauliza chai inauzwa wapi, nikasikia msumeno ukikereza chuma. Fundi alikuwa anatoa fremu za madirisha kwenye nyumba moja ya barabarani. Nikasimama kumtazama, na wewe kama ungekulia kwetu Kigombe ungesimama pia.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya mawe na chokaa, madirisha yake ya chuma. Kila Idi ikikaribia tuliyapaka rangi. Hakuna aliyenunua rangi ya madirisha. Tulitumia iliyobaki kwenye mashua, nzito kama uji, na ile ya zamani hatukuibandua. Sisi watoto tulipaka huku harufu ya vitumbua ikitutoa udenda, tukapitisha brashi mpaka kwenye bawaba. Rangi ile kazi yake ni kuzuia maji yasiingie chomboni. Kwa bibi ikazuia upepo. Mwaka mmoja dirisha la chumba chake likagoma kabisa kufunguka.

Na bibi alikuwa na pumu. Joto la kaskazi lilipoanza, tulisikia kifua chake kikilia tukiwa uani. Mjomba akaleta fundi na dirisha jipya la aluminiamu. Bibi hakutaka. Ukuta ule aliujenga marehemu babu, na boriti ya juu ya dirisha ilikuwa imelalia fremu yenyewe. Aliamini fremu ikitoka, ukuta unashuka.

"Shikamoo, bibi," fundi akasema.

"Marahaba. Nyundo yako iache nje."

"Sasa nitafanya kazi na nini?"

"Hilo fikiria wewe uliyejiita fundi."

Jirani, aliyekuja na bakuli la uji, akamwomba bibi ahamie kwake mpaka kazi iishe. Bibi akakaa kitandani, akajitanda kanga. "Kama ukuta unashuka, unishukie mie. Siwezi kuwa kwa watu nakunywa uji, huku nyumba ya mume wangu inabomolewa."

"Basi na uji wenyewe hupati," jirani akamjibu.

Bibi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Mjomba akatazama pembeni.

Fundi aliiacha nyundo kweli. Akasimamisha mirunda miwili kuishikilia boriti, akaikata fremu katikati kwa msumeno, kisha akawa anaikunja kwa ndani, mbali na ukuta, kipande kwa kipande. Rangi ikapukutika sakafuni: kijani, buluu, nyekundu ya mashua ya mjomba. Chini ya rangi chuma kilikuwa kimeliwa na kutu. Vipande vingine vilivunjika mkononi kama biskuti. Kilichokuwa kimesimama pale miaka yote ni rangi tu. Kipande cha mwisho kilipotoka, fundi akailegeza mirunda taratibu. Sote tukatazama juu. Chokaa kidogo ikamdondokea bibi kwenye kanga. Boriti haikusogea.

Upepo ukaingia, na harufu ya dagaa walioanikwa. Bibi akafumba macho, akavuta pumzi, akavuta nyingine.

"Kumbe huko nje mna upepo wote huu," akasema, kana kwamba tulimficha.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sasa hayupo, na kwetu hakuna tena anayepaka madirisha Idi ikikaribia. Aluminiamu haitaki rangi, na watoto hawana cha kufanya ila kusubiri nguo mpya. Naikumbuka harufu ile ya rangi na vitumbua pamoja. Lakini sitamani irudi.

Nilimuuliza fundi wa Maramba pa kulala, akanielekeza kwa mama mwenye vyumba nyuma ya soko.

"Unataka cha mbele au cha uani?" mama akauliza.

"Chochote, mama, mradi dirisha lifunguke."

Akanitazama kama anayetafuta ninaumwa nini, kisha akatangulia, akalisukuma yeye mwenyewe nione.