Wifi na Sufuria Isiyo na Maharage

Jamani, leo wifi yangu nusura anifukuze jikoni kwangu mwenyewe!

Katoka kwake Chala kuja kumwona mama yake, mama mkwe wangu ninayeishi naye. Mama maharage yanamjaza gesi hadi hapati usingizi, kwa hiyo nikapika nyama ya kusaga na nyanya, hoho na pilipili, rojo zito.

Wifi, ambaye nyama ya kusaga huichanganya na maharage, kafunua sufuria.

"Maharage yako wapi? Nyie watu wa Mbeya wavivu sana, hata kuchemsha maharage!"

Asemaye hayo ugali wake una madonge kama kokoto.

Nikapakua.

Mama kala mpaka karamba vidole.

"Mwanangu, leo nimeshiba na tumbo limetulia."

Wifi, bila aibu, kasogeza sahani.

"Wifi, niongezee."

Nikamwongezea ugali. Mtupu.

Nimekosea?