Mashine Ilipokwama Katikati ya Salamu

Mama aliletwa Makongeni akiwa mgonjwa, tukamlaza kwenye kitanda changu, mimi na mke wangu tukashuka sakafuni. Nyumba za reli mnazijua, jirani akikohoa wewe ndiye unasema pole. Wageni walimletea supu ya mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko, akaiangalia tu. Alitaka kitu kimoja, amwone kitinda mimba wake kabla hajafumba macho.

Ndugu yangu huyo naye alikuwa mtu wa reli. Mimi nilifagia mabehewa hapa mjini, yeye alikuwa kwenye kistesheni kidogo huko magharibi, mahali ambapo barua ilifika ikipenda. Kwa hiyo mimi na baba tukaenda kumwomba karani wa teleprinta, mashine ya kupeleka maandishi kwa waya, atusaidie. Alikuwa mtu wa Ukambani, mpole, mwenye vidole vyembamba kama vya mchonga vinyago. Mimi shule niliiacha mapema, nitasema nilivyoona kwa macho. Anapiga herufi za stesheni, anangoja mashine ya huko ijibu kwa herufi zake, kisha anaachilia utepe wenye matundu, na maneno yanajiandika kule.

Lakini mashine ile ilikuwa na ugonjwa. Leo inakwenda vizuri kutwa, kesho inanyamaza katikati ya neno. Karani alikuwa amebadilisha utepe, amesafisha vyuma kwa spiriti, ameita fundi wa waya. Waya mzima, mashine nzima, na bado inakwama. Wenzake walimcheka.

"Karani, mashine yako imeenda chai?"

"Imeenda kwenu kumposa dada yako."

Basi baba akaanza kumwambia maneno ya kuandika. Mzee huyo alichochea makaa kwenye injini za moshi mpaka akastaafu, na adabu zake zilikuwa za zamani.

"Pokea salamu nyingi, mwanangu. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako tu."

"Mzee wangu," karani akasema, "tuanze na ugonjwa wa mama. Mashine hii haina subira."

"Umrukie mtu na habari mbaya hujamwamkia? Sisi si ng'ombe. Andika."

Akaandika. Utepe ukaenda kidogo, ukasimama. Akapiga herufi upya, kule kimya. Kesho yake ukakwama tena. Nyumbani mama alikuwa akisikia viatu nje, anageuza kichwa. Akiona ni mimi anakirudisha ukutani, wala hakunilaumu. Siku habari ilipopita yote, karani alinishika mkono kwa furaha.

Mama alituacha asubuhi. Ndugu yangu aliingia adhuhuri ya siku hiyo hiyo, kuku kwapani, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge.

"Mama yuko wapi? Nimemletea kuku wa supu."

Mke wangu ndiye aliyempokea yule kuku. Sisi wanaume hatukuweza.

Karani alikuja kutupa pole. Ndugu yangu akasimulia kwamba karatasi ya kwanza ilimfikia ikisema hatujambo, ikaishia hapo, akafurahi, akarudi kazini.

"Ilikatika hapo hapo?" karani akauliza. "Kwani huko kwenu mashine hupata nini?"

"Haipati kitu. Treni ya mizigo ikikaribia, stesheni masta huizima. Betri zake ndizo za kengele ya treni, hazitoshi vyote viwili. Ikishapita anawasha."

Na treni ya mizigo haina saa. Karani akaketi.

"Siku zote hizo nafungua mashine yangu! Mbona hamkuniambia?"

"Sisi tungejuaje kwamba kwako inakwama?"

Kisha ndugu yangu akatazama mikono yake. "Treni ile iliyokata habari siku ya kwanza niliipitisha mimi. Nilisimama na chuma cha ruhusa, kile ambacho treni haiendi mbele bila hicho, dereva akakidaka, akanipungia mkono. Nami nikampungia."

Baba alikuwa amekaa nasi, alisikia yote. Akainuka, akatoka nje bila kofia.

Tulimpeleka mama kijijini kumzika, kwa treni, jeneza likiwa kwenye behewa la mizigo. Kila stesheni ndogo kijana wa reli alisimama kando ya njia ameinua chuma chake, na kila mara ndugu yangu aligeuza uso upande wa pili. Upande huo alikuwa amekaa baba. Baba naye akageukia dirisha lake.