Afande Alipojifunza Kunyoa

Mume wangu Joash Otiende alikuwa kinyozi pale Mpumudde, Jinja, na niseme wazi tangu mwanzo: mdomo wake ulikuwa mwepesi, na moyo wake mwepesi zaidi. Mteja akishakaa kwenye kiti chake, tayari ni rafiki. Mimi ni Mgisu wa Mbale, nasi hatufanyi urafiki upesi hivyo. Nilimwonya mara nyingi, akacheka.

Mwaka ule wa sabini na sita, chini ya utawala wa kijeshi, Wakenya walianza kukamatwa mjini, na Joash alikuwa Mjaluo wa Kenya. Tulikubaliana nitangulie Mbale kwa mama yangu na mizigo, yeye anifuate, kisha tuvuke mpaka pamoja twende kwao. Kilichobaki ni pasi yake ya kusafiria tu. Ilikuwa mikononi mwa Afande Otim, mkubwa mmoja wa askari jela, aliyeichukua eti aikague, akaitia mfukoni mwa shati na asiirudishe. Bila pasi, Joash asingepita hata kizuizi cha kwanza nje ya mji.

Otim alikuwa mtu wa Lira, kaskazini. Watu wa kabila lake walikuwa wakikamatwa hata kazini na hawarudi, kwa hiyo alisema Kiswahili na kila mtu, lugha yake akaificha. Wembe wa kukunja hakuutaka kabisa karibu na shingo yake. Alikuja dukani na mashine yake mwenyewe ya kunyolea, ile ya chuma yenye mpini mfupi na wembe unaobanwa ndani, na uso wake ulikuwa vipele vitupu.

"Wewe fundisha mimi," alisema. "Siku mimi najua kunyoa mwenyewe, mimi narudisha pasi yako."

Basi Joash akafundisha kwa bidii zote, maana kila shavu lililonyolewa vizuri lilimsogeza Mbale.

Kosa la Otim lilikuwa la kiaskari: alikandamiza. Aliulaza mpini karibu na shavu, akasukuma, wembe ukachimba. Joash alimsimamisha mbele ya kioo.

"Afande, anza mpini ukiwa umetoka shavuni moja kwa moja. Vuta. Haikati kitu, sivyo? Haya, shusha mpini kidogo. Kidogo tena. Hapo! Unasikia?"

Ilikuwa sauti ndogo, kama kucha inayopita kwenye gunia.

"Hapo ndipo penyewe. Shika hapo hapo. Usikandamize, uzito wa chuma unatosha. Ikinyamaza, ujue umepapoteza."

Penye taya uso unageuka, na mkono lazima ugeuke nao. Mkono wa Otim ulikataa. Akajikata, akatukana, akarudi kesho yake. Wembe mpya ulikuwa adimu kama sukari, kwa hiyo walinoa ule ule kwa kuusugua ndani ya bilauri.

Shida kubwa ilikuwa chini ya mdomo. Otim, kama Joash, aling'olewa meno ya mbele ya chini utotoni, desturi ya makabila yao yote mawili. Mdomo wa namna hiyo huingia ndani, na wembe haupati pa kuegemea. Joash aliijua dawa yake.

"Usukume kwa ulimi, afande. Ulimi ndio meno yetu."

Otim akacheka, na kwa mara ya kwanza akamjibu kwa lugha yake, kwa sauti ya chini. Joash akaelewa, kwa kuwa lugha hiyo na Kijaluo ni ndugu. Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Kwenu ni wapi? Baba yako nani? Mnasali kanisa gani? Joash alijibu yote huku akipaka sabuni. Alifurahi, maskini wangu, kwa sababu tangu aje Uganda hakuna mteja aliyewahi kumuuliza habari za baba yake.

Mwisho Otim akataka kunyoa hata sharubu. Joash alishangaa, zilikuwa sharubu nene za kujivunia. Akamwonyesha jinsi ya kuvuta mdomo wa juu na kushuka polepole. Otim akamaliza, akajitazama kiooni kwa muda mrefu.

"Asante, mwalimu. Jumamosi mimi naleta pasi."

Joash akanitumia salamu: Jumamosi nakuja. Siku hiyo nilipika malewa kwa karanga, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani kwetu anayoyapenda sana. Hakuja. Siku chache baadaye akafika Ouma, dereva wa lori na rafiki yake, akitazama chini.

"Shemeji, nisamehe. Nilikuwa kwenye foleni ya mpakani Malaba. Nilisikia kwa masikio yangu wakiita Joash Otiende. Wakapiga muhuri, akavuka. Nilikuwa nyuma, sikumwona uso."

Sikulia. Nilikasirika. Mwanamume amevuka peke yake na kuniachia viatu vyake vya Krismasi! Nikapanda basi kwenda Jinja kuichukua cherehani yangu kabla majirani hawajaibeba.

Mlango wa duka ulikuwa wazi. Joash alikuwa ndani. Kitini alikaa askari nisiyemjua, ameinua kidevu, na mume wangu ameshika mashine. Nikafungua mdomo nimwite. Aliniona kwenye kioo, akatikisa kichwa kidogo sana.

"Huyu mama nani, Aloysius?" askari akauliza.

"Simjui, afande. Labda amepotea."

Ile sauti ndogo iliendelea shavuni. Nikasema nimekosea nyumba, nikajibanza nyuma ya ukuta mpaka askari alipoondoka.

Nilimweleza aliyosikia Ouma, ndipo naye akanieleza. Otim alitoroka Ijumaa na pasi ya Joash. Waliokuja kumsaka Otim walipomuuliza Joash yeye ni nani, alitaja jina la kwanza lililomjia, Aloysius, akajifanya Msamia, kabila la mpakani, wa upande wa Uganda. Majirani wakanyamaza, Mungu awabariki. Angesema Joash Otiende, wangekuta Malaba kwamba Otiende amekwisha kuvuka, na wangejua nani alimpa Otim njia. Sasa wale wale wanaomsaka Otim wanakuja kunyolewa naye, na wamemwambia asihame.

"Mpaka sharubu ulimfundisha?" nikamuuliza.

"Mpaka sharubu. Hakutoka hata tone la damu, Nafuna. Walitazama picha yangu isiyo na sharubu, wakatazama ule uso laini na mdomo usio na meno ya chini, wakapiga muhuri."

Nilikuja na hasira ya kutosha watu wawili, na sikuwa na wa kumpa. Nilimshika uso tu. Ulikuwa umeota ndevu. Kinyozi mzima, hakuwa amejinyoa tangu Ijumaa ile.

Basi la jioni lilikuwa karibu kuondoka. Joash alichukua kikapu changu anisindikize mpaka stendi, kama alivyofanya siku zote. Akafika mlangoni, akasimama, akanirudishia kikapu. Huko nje yeye alikuwa Aloysius, asiyenijua.